Kaburi Nje ya Ua

Dorca Atieno alimwona mwanawe kwenye televisheni ya hoteli ya Nabututu, pale bichi ya Usenge, na jambo la kwanza alilohisi lilikuwa nafuu. Alikuwa amekuja kununua chai baada ya kukunja nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Simu ya Frankline ilikuwa imezimwa tangu redio iliposema kwamba wachimbaji wa mawe wameshambuliwa kule kaskazini mashariki, alikokwenda kufanya kazi. Sasa uso wake ulijaza kioo kizima, na yale masikio yaliyojitokeza kama vishikio vya sufuria.

"Wamempata," alisema, bila kumwambia mtu hasa. "Yuko hai."

Nabututu alichukua rimoti akaongeza sauti, kisha akaipunguza, asijue lipi kati ya hayo mawili lina adabu zaidi. Chini ya picha palikuwa na maandishi meupe juu ya mkanda mwekundu. Dorca aliyasoma polepole, neno moja moja: MSHUKIWA WA SHAMBULIO ASAKWA.

Picha ilitoka kwenye kitambulisho. Washambuliaji walikuwa wamewapanga wafanyakazi mstari mmoja na kuwanyang'anya vitambulisho ili wajue nani wa dini gani, kisha wakawaua na kuchoma mabanda yao. Katika gari walilolitelekeza, polisi walikuta kitambulisho kimoja kimeangukia chini ya kiti. Miili yote ilitambuliwa, ila wa mfanyakazi mmoja haukuonekana, na kitambulisho kilikuwa chake. Mambo hayo mawili yalikuwa na maelezo mawili. Yumkini mtu huyo aliuawa, na kitambulisho chake kiliporwa pamoja na vya wenzake. Au mtu huyo alikuwa mmoja wa wauaji. Kituo cha televisheni kilichagua maelezo ya pili, na hakikueleza kwa nini.

Studioni alikaa bwana mmoja mwenye suti, aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa usalama.

"Angalia jina la katikati," alisema. "Frankline Juma. Huyu ni kijana wa kanda ya ziwa, kanda ya Wakristo. Juma amelipata wapi? Hapo ndipo unapoanza kuona safari ya itikadi kali."

Frankline alilipata jina la Juma kwa baba wa babu yake, aliyekuwa mpishi wa meli ya mizigo Kisumu na shemasi wa kanisa mpaka alipokufa. Kwenye ukanda huo wa ziwa jina hilo linatembea kama majina mengine, na wengi walio nalo wamewahi kuimba kwaya. Na hata kama Frankline angekuwa Mwislamu, kitambulisho chake kingeangukia chini ya kiti kile kile. Hotelini mle walikuwamo akina Juma wawili, kila mmoja na samaki wake. Wote wawili waliangalia sahani.

Dorca aliweka kikombe mezani. Chai ilikuwa bado imejaa.

"Si ni yeye?" mtu aliuliza nyuma yake, kwa sauti ya chini.

"Ni yeye. Mtoto wa Absalom."

Alipotoka, watu walimpisha njia pana kuliko aliyoihitaji.

 

Polisi walifika kabla hajaivisha ugali. Walimchukua mumewe, Absalom, wakachukua simu yake, na wakachukua Biblia ya Frankline kwa sababu ilikuwa na maandishi ya kalamu pembeni mwa kurasa. Walipomrudisha Absalom, Biblia haikurudi. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu ambavyo sasa havikuwa na kamba.

"Wamekuuliza nini?" Dorca alisema.

"Kama anafuga ndevu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema amejaribu."

Dorca alitaka kucheka na hakuweza. Frankline alikuwa na nywele chache kidevuni, na dada yake Winny, anayesomea uuguzi Kisumu, alizoea kumwambia kwamba atamletea mbolea.

Bichini, wanawake walianza kuanika omena mbali naye. Hakuna aliyetangaza jambo hilo. Kila asubuhi nyavu za majirani zilikuwa zimesogea tena kidogo, mpaka nyavu za Dorca zikabaki peke yake juu ya mchanga. Kanisani, mchungaji aliombea usalama wa taifa na watoto waliopotoshwa, na shingo zikageuka upande wa benchi lake.

Aliyekuwa akinunua omena yake ni Adongo, wakala wa kiwanda cha chakula cha kuku cha Mzee Pradip, huko Kisumu. Adongo alikuja na lori kama kawaida, akapima magunia ya kila mtu, akafika kwa Dorca akasimama na mizani mkononi.

"Mama Frankline, omena yako ni safi. Hilo silikatai."

"Basi pima."

"Magunia yanaandikwa jina la muuzaji. Pale ofisini wameona habari. Wamesema tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Omena haingoji. Kesho kutwa ni vumbi."

"Si mimi, mama. Ni ofisi."

"Na hao kuku," Dorca alisema, "nao huwa wanaangalia televisheni?"

Adongo alianza kucheka, kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona akicheka. Alipanda lori. Ile omena Dorca aliwamwagia bata wa jirani, na jirani akaja kumwomba asiwape tena.

 

Aliyeleta ukweli alikuja kwa magongo. Aliitwa Wanyonyi, kijana wa Port Victoria, na alikuwa ametoka hospitali na risasi iliyopita pajani. Alikataa kuketi mpaka amalize kusema. Winny alikuwa amerudi kutoka chuoni, na wote watatu walimsikiliza wakiwa wamesimama, kwa kuwa haikuwa vizuri yeye peke yake asimame.

"Tulikuwa tumelazwa chini," alisema. "Walipoanza na wale wa mwisho wa mstari, Frankline akaniambia, omera, ndugu yangu, tukimbie. Tukakimbia. Mimi nikapigwa hapa, nikaanguka kwenye kichaka. Yeye akafika mtoni. Kule mto huwa mkavu, lakini mvua ilikuwa imenyesha juu, maji yamejaa, mekundu. Akaingia. Wakampigia risasi akiwa ndani ya maji. Nikaona shati lake likizunguka mara moja hivi, halafu sikuliona tena."

"Ulimwambia nani haya?" Absalom aliuliza.

"Polisi, hospitalini. Nilipofungua macho tu. Wameandika yote, nikaweka sahihi. Walikuja na ripota pia. Ripota akaniuliza kama Frankline alikuwa anasali mara tano. Nikamwambia alikuwa anasali wakati wa kula, na haraka haraka, kwa sababu kulikuwa na watu wa kumwibia nyama."

Dorca aliuliza swali moja tu. "Alikuwa anajua kuogelea kwenye maji kama yale?"

"Mama, alikuwa mtoto wa ziwa. Ndiyo maana alichagua mto."

Siku chache baadaye, ofisa wa polisi alimpigia Absalom akamwambia kwamba kijana wake hatafutwi tena, na pole. Kituo cha televisheni nacho kilisahihisha. Winny alilipata sahihisho hilo kwenye simu yake, akawasomea wazazi wake: mmoja wa watu waliotajwa katika taarifa yetu ya awali amebainika kutohusika, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Lilisomwa katikati ya asubuhi, baada ya kipindi cha mapishi. Halikuwa na picha. Halikuwa na jina.

"Usumbufu," Absalom alisema, kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

Mwili haukupatikana. Waliokwenda kuutafuta walikuta mto umekauka tena, umeacha matope na matawi kwa maili nyingi. Kwa watu wa Dorca, aliyechukuliwa na maji asirudi huzikwa kwa yago, lile tunda refu na zito la mti wa mwegea, linalofanana kidogo na mtu aliyefungwa sanda. Huwekwa jenezani, huliliwa, hufukiwa, na aliyepotea huwa na mahali pake. Frankline hakuwa ameoa. Mahali pake palikuwa ndani ya ua wa baba yake, upande wa kushoto.

 

Obonyo, kaka mkubwa wa Absalom, alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walikunywa chai. Walisifu chai. Kisha Obonyo akasema kwamba mazishi yafanyike Jumamosi, na kaburi lichimbwe nje ya ua.

"Nje wanazikwa waliojinyonga," Dorca alisema.

"Wanazikwa wenye vifo vibaya."

"Mwanangu alipigwa risasi akikimbia wauaji. Ubaya ni wa nani hapo?"

"Mama Frankline, mimi sikutukani. Nakwambia watu wanavyosema. Nina binti, wakwe zangu wa Muhoroni walikuwa waje kumposa mwezi huu, wameahirisha. Wameuliza kama ni kweli tuna gaidi nyumbani. Nikimzika huyu ndani, katikati yetu, nitawajibu nini?"

"Uwajibu kwamba polisi wamesema hana kesi. Televisheni pia imesema. Winny, mwonyeshe baba yako mkubwa."

Winny alimpa simu. Obonyo aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akairudisha.

"Hii nimeiona sasa hivi kwa sababu umenipa. Nani mwingine ameiona? Absalom, wewe uliiona siku ile?"

"Sikuiona," Absalom alisema.

"Haya. Ile ya saa moja, bichi nzima iliiona. Muhoroni waliiona. Mtu anazikwa kwa habari ambayo watu wameiona."

Mmoja wa wazee aliitikia kwa koo. Absalom alitazama chini, mahali ambapo kamba za viatu vyake zingekuwa.

"Kwa hiyo wakisema saa moja," Dorca alisema, "waseme jina lake na waonyeshe picha ile ile, na waseme hakuwa gaidi, atazikwa ndani?"

Obonyo alifikiri. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye majirani.

"Wakisema hivyo, atazikwa ndani, na mimi mwenyewe nitashika jembe. Mbele ya mashahidi hawa. Wasiposema, ni nje, na hatutabishana tena."

 

Ofisi ya kituo cha televisheni mjini Kisumu ilikuwa ghorofani. Dorca alivaa gauni lake la Jumapili, akaenda na Winny. Mlinzi wa mlangoni alimpitishia kile kifaa chake cha kupekua mabegani na miguuni, akamwambia afungue mkoba, akatoa kitambaa cha mkononi na mfuko wa njugu, akavipapasa.

"Siku hizi ni lazima, mama," alisema. "Kuna magaidi."

"Nimesikia," Dorca alisema.

Aliyewapokea alikuwa ripota aitwaye Mark, kijana mwenye adabu, aliyewaletea viti yeye mwenyewe. Alisikiliza kwa uso wa kuhuzunika, akiwa ameshikilia simu yake kifudifudi.

"Mama, pole sana, nasema kutoka moyoni. Lakini lazima tuelewane. Sisi hatukusema gaidi. Tulisema mshukiwa."

"Tofauti yake ni nini?"

"Kisheria ni kubwa sana."

"Na pale bichini?"

Mark alitazama dirishani. "Marekebisho tuliyafanya."

"Wakati watu wako kazini," Winny alisema. "Bila jina. Mlipomtukana mlikuwa na jina na picha. Mlipoomba radhi jina likapotea."

"Dada, saa moja ni ya habari. Marekebisho si habari. Mtu hakuwa gaidi, hiyo nitaipeleka wapi? Leo Wakenya milioni hamsini hawakuwa magaidi."

Alilisema kwa upole, kama anayewafundisha. Dorca aliona kwamba alikuwa na haki kwa namna yake. Alichukua mkoba wake.

"Twende, Winny. Bado kuna kutafuta yago."

"Kutafuta nani?" Mark aliuliza.

Winny alimweleza, kwa ufupi, kwa hasira. Mark alisikiliza. Aligeuza simu yake.

"Ngoja. Mnazika tunda?"

"Tunamzika Frankline," Dorca alisema.

"Naam, naam. Lakini ndani ya jeneza kuna tunda. Watu wanalia, kunaombwa, kila kitu?"

Aliondoka, akaongea na Nairobi nyuma ya mlango wa kioo. Walimwona akipima urefu hewani kwa mikono miwili. Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Tutakuja Ijumaa, mnapoandaa. Itaenda saa moja hiyo hiyo Ijumaa, taifa zima. Mama utaongea. Yule shahidi wenu ataongea."

"Picha ile ile," Dorca alisema. "Na jina. Na useme hakuwa gaidi."

"Picha, jina, yote. Neno langu, mama."

Ngazini Winny alimwambia mama yake kwamba huyo mtu anataka tunda tu.

"Najua," Dorca alisema. "Sina kingine anachokitaka."

 

Ijumaa Mark alikuja na mpiga picha mmoja na gari lenye nembo ubavuni. Watu ambao hawakuwa wamekanyaga boma la Absalom tangu msiba uanze walikuja nyuma ya gari. Wanawake wa bichi walikuja na viti. Chifu alikuja amevaa kofia yake ya kazi. Yago lilikuwa sebuleni, limefunikwa shuka ya kijani aliyokuwa akilalia Frankline.

"Tulifunue kidogo," mpiga picha alisema.

"Halifunuliwi," Absalom alisema.

"Mzee, watazamaji wataona shuka tu. Watajuaje?"

Absalom alimtazama mkewe. Dorca alifunua shuka.

"Sasa mama alishike. Akae pale penye mwanga. Hapana, si hivyo. Kama mtoto, mama. Kama unavyobeba mtoto."

Chumba kilikuwa kimejaa watu. Dorca aliinua yago, lililokuwa zito kuliko mtoto yeyote, akaliweka mapajani na kuliegemeza kifuani. Mpiga picha akamwomba atazame chini. Akatazama chini. Akamwomba arudie, kwa kuwa kuna mtu amepita mlangoni. Akarudia.

Wanyonyi alizungumza nje, akiwa ameegemea magongo, amechomekea shati. Alisimulia tangu mstari hadi mto, hatua kwa hatua, bila kuongeza kitu. Alitaja jina la Frankline kila alipoweza, kama alivyokuwa amejizoeza njiani. Alipomaliza alikuwa na jasho.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia yote, kaka," Mark alisema.

Kisha akampelekea Obonyo kipaza sauti na kumwuliza ana ujumbe gani kwa vijana. Obonyo hakuwa amejiandaa. Alikohoa, akasema vijana wawe macho, wasidanganywe na watu. Chifu naye akasema eneo lake liko salama na wananchi waripoti watu wasiowafahamu.

Dorca alipoulizwa, alisema sentensi moja, ambayo alikuwa ameitayarisha kwa siku mbili. "Mwanangu hakuwa gaidi, magaidi walimuua."

"Vizuri sana, mama," Mark alisema. "Safi kabisa."

 

Saa moja hoteli ya Nabututu ilijaa mpaka nje. Obonyo alikaa meza ya mbele pamoja na wale wazee wawili, kama mahakama. Dorca, Absalom na Winny walipewa benchi la ukutani. Wanyonyi alisimama, kwa kuwa kukunja paja kulikuwa bado kunamwuma.

Taarifa ilianza na bei ya mafuta. Zikaja siasa. Yakaja mafuriko ya mahali fulani, kisha matangazo. Ikaja michezo. Ikaja hali ya hewa, na mtu akasema basi, hawatoi.

Kisha mtangazaji akakunja karatasi zake, akatabasamu tabasamu ambalo hakuwa amelitumia katika taarifa nzima. "Na sasa," alisema, "kwa yale ya kustaajabisha."

Kwanza lilionekana yago, limesogezwa karibu mpaka nyufa za gamba lake zikaonekana. Kisha Dorca akiwa amelipakata, akitazama chini. Mkanda mwekundu ulipita chini yake: FAMILIA YA MSHUKIWA WA UGAIDI KUZIKA TUNDA. Picha ya kitambulisho ilitokea, ile ile, na jina kamili, na Juma yake. Sauti ya Mark ilieleza kwamba kijana huyo aliwahi kuhusishwa na shambulio la machimboni na hatima yake bado ni kitendawili. Wanyonyi alionekana akisogeza mdomo, lakini sauti iliyosikika ilikuwa bado ya Mark, ikieleza mila. Obonyo alisikika vizuri. Vijana wawe macho, wasidanganywe na watu. Sentensi ya Dorca haikuwamo.

"Makubwa haya," mtangazaji alimwambia mwenzake studioni. "Sijui litaota?"

Wakacheka wote wawili. Hotelini pia mtu mmoja alicheka, mgeni aliyekuja kununua samaki aina ya mbuta, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Nabututu alizima televisheni. Watu waliomfahamu walisema hawajawahi kumwona akiizima kabla ya kufunga.

Wanyonyi alikuwa bado anakitazama kioo cheusi. "Nilisema yote," aliwaambia waliokuwa karibu. "Si mlinisikia nikisema?"

Winny alikuwa ameshampigia Mark. Alijibiwa mara moja, kwa adabu.

"Dada, niliiandika vizuri, naapa. Si mimi. Ni mhariri. Walisema ilikuwa ndefu."

Obonyo alisimama. Alionekana kama mtu aliyeshinda kesi asiyokuwa na hakika anaitaka.

"Picha wametoa," alisema. "Jina wametoa. Lile la tatu hawakusema."

"Wewe umelisikia," Dorca alimwambia. "Umelisikia kwa Wanyonyi, kwa masikio yako, leo mchana. Ulikuwa umesimama pale."

"Mimi nimesikia. Muhoroni hawakusikia." Alivaa kofia yake. "Kesho ni nje, basi."

 

Walimzika Jumamosi asubuhi, hatua chache kutoka ua, penye udongo wa mawe ambao hakuna aliyewahi kuulima. Vijana wa Obonyo walikuwa wamechimba kaburi fupi. Absalom aliwaambia lirefushwe, na hilo ndilo neno pekee alilosema siku hiyo. Mchungaji alituma mwinjilisti. Mwinjilisti alisoma haraka, akaruka wimbo wa pili. Chifu alishukuru umma kwa utulivu. Chakula kilipoliwa, watu wakaondoka mapema, wakapita kando ya udongo mpya bila kuutazama, kama anavyopita dukani mtu asiyetaka kununua.

Jumapili Dorca hakwenda kanisani. Alivaa gauni kuukuu la bichini, akachukua panga, akaenda kwenye ua. Ua wa boma lile ulikuwa wa ojuok, mti usio na majani wa vijiti vya kijani vinavyobanana kama vidole. Baba yake Absalom aliupanda. Ojuok hauhitaji mengi: ukikata tawi ukalichomeka ardhini linashika, hata penye mawe. Lakini una utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia machoni unaweza kupofusha. Watoto wa kule hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma.

Alianza kukata sehemu ya ua iliyokuwa kati ya nyumba na kaburi. Kila tawi aliloangusha alilibeba akalipeleka upande wa pili wa kaburi, akalichomeka. Alikuwa amepanda hatua kama tano Absalom alipotoka nyumbani, amevaa suruali ya kanisani.

"Unafanya nini?"

"Nasogeza ua."

Absalom alitazama pengo, akatazama vijiti vilivyosimama vimelegea nje ya kaburi.

"Obonyo atakuja kusema."

"Aende akaseme televisheni."

"Tulikubaliana mbele ya mashahidi. Tulisema nje."

"Tulimzika nje," Dorca alisema. "Hakuna aliyesema ua usisogee."

Alikata tawi jingine. Utomvu ulimrukia kifundo cha mkono, akaupangusa kwa udongo. Barabarani waumini waliokuwa wakienda ibadani walipunguza mwendo. Mmoja aliinua simu yake kupiga picha, na wa pili akamshusha mkono. Absalom aliwaona wote wawili. Alirudi ndani, akatoka na jembe, akiwa bado na suruali ya kanisani, akaanza kuchimba mashimo mbele ya mkewe ili vijiti visimame imara. Winny alikuja baadaye, akabeba matawi.

Jua lilipanda. Mikono yao ikawa myeupe mpaka viwiko, inanata, na harufu kali ya utomvu ikajaa kifuani. Walipofika kichwani pa kaburi Absalom alichimba shimo moja, akachimba la pili, kisha jembe likasimama. Machozi yalimshuka mashavuni, ya kwanza tangu msiba uanze, na mkono wake wenye utomvu ukaanza kupanda usoni.

"Usishike macho," Dorca alisema.

Mkono ulisimama hewani, ukashuka. Dorca alimwachia machozi yajikaushe yenyewe, kama alivyokuwa ameyaachia yake. Kisha akamwelekeza mahali pa shimo linalofuata, na wakaendelea kupanda, nyuso zikiwa zimelowa na mikono ikiwa mbali na miili yao, mpaka kaburi likawa ndani.